Ndoo ya Saladi Niliyoileta Itiryo

Bhoke mwanangu,

Umetoka saa tatu kwenda Gorong'a kuwaaga watu wa kwa baba yako mdogo, na najua hutarudi kabla ya jioni. Nimekaa hapa barazani na daftari lako la kemia magotini, maana ndilo pekee lililobaki na kurasa tupu. Nikimaliza nitaiweka barua hii juu kabisa ya nguo zako kwenye begi. Nataka uisome leo, ukiwa bado chini ya paa langu, ili kama utataka kuja kunitukana, uje. Mlango sitaufunga.

Habari za kutunza nauli, za kuchagua marafiki, za kuwasalimia wakubwa, sikuandikii. Hayo umeyasikia mpaka umechoka, na anayetoa mawaidha sharti awe na uso wa kuyatolea. Mimi sina. Nataka kukuandikia habari za saladi. Usicheke, Bhoke. Ingekuwa ni jambo jepesi ningelisema kwa mdomo.

Jumapili iliyopita mama yako alivuka mpaka akaja kukuaga. Miaka kumi na nne alikuwa hajakanyaga Itiryo. Hakuingia ndani, alisimama pale barabarani karibu na mikonge kama mtu anayeuliza njia, ameshika mfuko wa mandazi na karanga. Ukamfuata. Mimi nilikuwa nyuma ya dirisha la chumba changu, nikakusikia vizuri sana: "Rudi nayo sumu yako. Ulimmaliza bibi, sasa unanitaka mimi?" Ukaumwaga mfuko wote mbele ya mbwa.  Mama yako aliinama, akaokota mfuko mtupu, akaukunja mara mbili, akaondoka nao. Mbwa walikula kila kitu, na hapa ninapoandika wako miguuni pangu wanajikuna, wazima kabisa.

Kutoka dirishani hadi barabarani hakuna hata hatua thelathini. Ningeweza kutoka. Sikutoka.

Sasa nisikilize. Wewe umekua ukiambiwa kwamba baba yako alikuwa msimamizi wa stoo kwenye kambi ya watalii kule Serengeti. Ndivyo nilivyowaambia watu wote, na baba yako mkubwa Chacha alipenda sana kulitamka hilo neno "msimamizi" mbele ya wageni. Bhoke, sikusimamia stoo hata siku moja. Nilikuwa mpishi. Miaka kumi na tisa nilimenya vitunguu na kuvaa kofia nyeupe. Tena nilikuwa mpishi mzuri, wa vyakula baridi, na mara nyingine wageni waliomba niitwe nje wanipigie makofi. Lakini hapa kwetu, mwanaume aliyepita jandoni, mwenye mke na ng'ombe, aonekane na mwiko? Wewe mwenyewe unaona: mwanaume wa hapa haingii jikoni hata kufuata kaa la kuwashia sigara. Anaita, analetewa. Nakumbuka jinsi tulivyokuwa tukiwacheka walimu wa kuja, wale waliopangiwa hapa bila wake zao, tukiwaona wanapika ugali wao wenyewe kwenye nyumba za shule! Nilicheka pamoja na wenzangu, na mikono yangu inanuka kitunguu saumu.

Niliyemwambia ukweli ni mama yako peke yake. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akasema, "Basi nifundishe na mimi." Aliitunza siri yangu vizuri kuliko nilivyostahili.

Kule kambini kulikuwa na chakula kimoja ambacho hakuna aliyenifikia kwa kukitengeneza. Kila Krismasi lililetwa paja zima la nguruwe, limelowekwa kwenye maji ya chumvi, likafukizwa moshi, likaokwa. Sisi jikoni tuliliita hemu. Wageni wanakata vipande vyembamba, wanakula viwili, wanaacha. Kesho yake mfupani imebaki nyama nyingi, tamu, ila pembeni imekauka na huwezi kumrudishia mgeni ikiwa hivyo. Hapo ndipo ilipoanza kazi yangu.

Nitakueleza inavyotengenezwa, maana unaenda kusomea upishi na huko chuoni watapita haraka. Ichambue nyama mfupani kwa mkono, utoe ngozi na mafuta magumu. Usiisage kwenye mashine, itakuwa uji. Ikate kwa kisu kikali, vipande vidogo kuliko punje ya muhindi. Chemsha mayai yaive sawasawa, yapoze, uyakate. Kitunguu kidogo tu, nacho ukioshe kwa maji ya chumvi ukali upungue. Tango la achari. Seleri kama ipo. Halafu mayonezi, na kama una mayai mazuri usiguse ya chupa: viini viwili, kijiko kidogo cha haradali, chumvi, kisha mafuta tone kwa tone huku mkono haupumziki. Ukiwa na papara yanajitenga, unaanza upya. Siki inakuja mwisho. Changanya vyote vikiwa baridi. Nyama baridi, mayai baridi, bakuli lenyewe baridi. Funika, rudisha kwenye friji kwa saa mbili. Inatoka laini, nyeupe, ina chembechembe za nyama kila mahali, unaipaka kwenye mkate. Ni tamu, mama! Mtu akionja mara moja anakutafuta.

Na ni chakula cha hatari. Mayai mabichi, nyama iliyokwisha kushikwashikwa na watu. Kiache kwenye joto muda mfupi tu, kinaharibika, na wala hakikuonyeshi rangi. Mimi mwenyewe ndiye niliyebandika karatasi ukutani: kikitoka kwenye baridi, ama kiliwe ama kitupwe. Nimewafokea vijana wa jikoni kwa jambo hilo mpaka wakanipa jina la mzee Barafu. Nakueleza haya ili usije ukanitetea moyoni mwako kwamba sikujua. Nilijua kuliko mtu yeyote hapa Tarime.

Mwaka ule ulikuwa na miaka mitano. Mkesha wa mwaka mpya ukoo wote ungekutana hapa kwetu, na mimi nilikuwa nimejigamba kwa simu kwamba nitawaletea chakula cha Krismasi cha wazungu. Kambini mabaki hayaruhusiwi kutoka getini, yanatupwa shimoni yasivute fisi. Niliona uchungu kutupa. Hemu ilikuwa na siku ya sita. Nikaitengeneza alfajiri ile saladi, nikajaza ndoo ya plastiki yenye mfuniko, nikaizungushia barafu ndani ya kiroba, nikaipitisha getini chini ya nguo zangu chafu. Gari la kambi likanishusha Mugumu, nikapanda basi la Tarime. Tulipofika maeneo ya Kemambo basi likaharibika. Jua la mwisho wa Desemba unalijua. Tulikaa pale toka asubuhi hadi saa nane, na mimi naangalia maji yanavyotiririka kutoka kwenye kiroba, najiambia labda ndani bado kuna ubaridi. Nilifika nyumbani saa kumi na moja kwa pikipiki.

Wageni walikuwa wameshaketi. Nikaenda nyuma ya ghala la mahindi nikaifungua. Ilikuwa na harufu. Si kali, lakini mimi ni mpishi. Nikakwangua tabaka la juu nikalifukia kwa mguu. Nikachukua mayai mawili ya kuku wa bibi yako, nikakoroga mayonezi mapya kwa uma, nikatia ndimu nyingi, nikatia kitunguu, nikachanganya. Nikaonja kwa ncha ya ulimi, nikatema.  Nilitema, Bhoke, halafu nikafunika ndoo nikamwita mama yako.

Nikamwambia, "Wapakulie, useme nyama nimeleta mimi, umetengeneza wewe."

Akaniuliza, "Haijakaa sana, baba Bhoke?"

"Imetoka kwenye barafu sasa hivi."

Aliniamini. Angekuwa anakula nguruwe angeonja akajua, lakini mama yako ni Msabato, kwao kule Kenya wamelelewa hivyo. Nawe unajua desturi: mwanamke akileta chakula mbele ya wageni, anachota kidogo yeye kwanza wamwone akimeza. Yeye aliweka bakuli, akanawisha watu mikono, akasimama pembeni. Mtu mmoja akamtania, "Mke wetu, mbona huonji?" Akajibu, "Nguruwe sili, mnajua." Watu wakacheka, wakaanza kula. Kila aliyekuwepo alilikumbuka jambo lile baadaye.

Bibi yako alikuwa amebakiwa na meno mawili. Nyama kwake ilikuwa ni kunyonya na kutema. Alipoitia ile saladi mdomoni alifumba macho, kisha akasema, "Kumbe kuna watu wamewafikiria na vibogoyo!" Tukaangua kicheko. Sahani yake ikaisha. Akaangalia bakuli, akaona haya kuomba. Mimi nikasema, "Mwongezee mama." Nilisema hivyo kwa sababu watu wote walikuwa wananiangalia na nilijisikia mwanaume hasa. Nikamwona mama yangu mzazi anamaliza sahani ya pili. Mimi nilimega ugali na mbuzi kidogo tu, nikasema nimeshiba safarini.

Hata hakujapambazuka watu walikuwa wanatapika kila kona ya boma. Kumi na mmoja. Tuliwabeba hadi zahanati, wengine kwa machela, wengine kwenye pikipiki. Wewe hukula, ulikuwa umelala mapema, na kwa hilo Mungu nimemshukuru kila siku bila kuona haya kwamba ninamshukuru. Wale kumi walipona. Bibi yako mwili ulikuwa umekwisha, alikauka maji, siku ya tatu akatutoka. Kabla hajazimika aliniuliza kama nimekula.

Nesi wa zahanati alikuwa binti wa kutoka Songea, mpole. Alinivuta pembeni. "Baba, wote wanaoumwa walikula ile nyama yenye mayai. Hii si sumu ya kuwekewa, ni chakula kilichoharibika. Kilikaa wapi? Nani alitengeneza?" Nikamjibu, "Sijui, dada. Mambo ya jikoni ni ya wanawake."

Baada ya mazishi likaitwa ritongo, baraza la ukoo. Wiki moja kabla ya karamu ile, mama yako na bibi yako walikuwa wamegombana kwa sauti juu ya maziwa ya yule ng'ombe mweusi, na majirani walisikia. Sasa kila kitu kikaungana: ugomvi, mwanamke wa kuja, kutokuonja. Akaulizwa. Mama yako akasimama, akasema, "Aliyetengeneza chakula kile ni mume wangu. Ni mpishi huko anakofanya kazi. Muulizeni."

 Baba yako mkubwa akanigeukia. "Mura, eti wewe unapika?"

Nikacheka. Hilo ndilo kosa langu, Bhoke, kubwa kuliko la ndoo. La ndoo nilitenda kwa kiburi na upumbavu, na mama yangu akafa. La pili nilitenda nikiwa na akili zangu zote, jua limewaka, nimekaa kwenye kiti. Nikacheka nikasema, "Mimi? Nikoroge mayai?" Na wanaume wote wakacheka na mimi. Mama yako aliniangalia kwa muda mrefu, kisha akakaa chini.  Wakaamua arudi kwao na wewe ubaki. Siku ya kuondoka ulikuwa umeshika sketi yake kwa mikono miwili. Aliyekubandua vidole kimoja kimoja ni mimi.

Nikarudi kazini. Nikaendelea kuitengeneza ile saladi kila Krismasi, na wageni wakaendelea kunipigia makofi, mpaka mgongo uliponishinda nikarudi hapa. Watu wanasema mtu akiwa na dhambi nzito hapati usingizi. Nililala vizuri tu. Hilo nalo ulijue, kwamba unaweza kutenda jambo kama hili na bado ukala, ukanenepa, ukaitwa mzee wa kanisa.

Sijawahi kukuambia kwa mdomo wangu kwamba mama yako ni mwuaji. Nilijipa moyo kwa hilo, kana kwamba ni kitu. Ulipokuwa darasa la tatu ulitoka shule unalia, ukaniuliza, "Tata, ni kweli mama alimwekea bibi sumu?" Nikakuambia, "Hayo ni ya wakubwa. Kula." Na mwaka huu ulipojaza fomu za chuo cha hoteli, nikakuuliza kwa nini upishi, ukanijibu, "Nataka siku moja nipikie ukoo huu wote, wale washibe, waone si kila mwanamke wa boma hili ana mkono wa sumu." Nikatoka nje. Ulifikiri nimekasirika.

Leo asubuhi, ulipokuwa unaoga, nilikwenda kwa baba yako mkubwa. Nilimkuta zizini anafunga ndama. Nikamwamkia, nikamwambia, "Kaka, kile chakula nilikitengeneza mimi. Kilikuwa kimeharibika na nilijua. Mama nilimwua mimi, na mke wangu nilimsingizia." Nilitegemea anipige fimbo. Nilikuwa nimejiandaa kupigwa, hata nilitamani.

Hakuacha kufunga kamba. Akasema, "Tulijua."

"Mlijua nini?"

"Nilikuona nyuma ya ghala na uma wako, unakoroga. Nesi naye alikuja akanieleza ni chakula kibovu. Niliwaambia wazee kabla hatujakaa."

"Sasa kwa nini mliniuliza mbele za watu?"

"Tulikuuliza ili ukatae, mura. Ungesema ndiyo, ungeishije hapa? Mwanaume kamwua mama yake kwa kupika? Mwanamke ana kwao, anarudi. Wewe ungerudi wapi?" Kisha akanishika bega, kwa upole kabisa, na huo upole ndio ulioniumiza. "Mambo yamepita. Mtoto anasafiri kesho, mwache aende na moyo mweupe."

Nikamwambia Jumapili baada ya ibada nitasimama niseme. Akasema nikifanya hivyo nisikanyage tena kwake. Sawa. Nitasimama.

Nikiwa njiani kurudi nilimpigia mama yako simu. Nilianza, "Mama Bhoke, nataka kukuambia ukweli wa ile siku." Akanikatiza. "Usiniambie mimi. Mimi nilikuwepo. Mwambie mtoto." Akakata. Mazungumzo yetu ya miaka kumi na nne yalikuwa hayo tu.

Basi lako kesho linaanzia Sirari saa kumi na mbili asubuhi. Unajua, na najua unajua, kwamba kile kibanda cha chai upande wa kushoto wa stendi ni cha mama yako, anavuka mpaka kila alfajiri kuja kukifungua. Nimeona unavyozunguka nyuma ya maduka ili usipite mbele yake. Kila alfajiri madereva, makondakta na abiria wanaoenda Mwanza na Arusha wanakula kwa mikono yake. Sikutumi kwake. Sina haki ya kukutuma popote tena. Wala usimpe salamu zangu, hazimfai. Ukipita nyuma ya maduka kesho, utakuwa umepita ukijua, na hilo litakuwa juu yako, si juu yangu.

Ila kitu kimoja kinanirudia kichwani tangu nitoke kule zizini. Nilidhani miaka yote hii nimeudanganya ukoo mzima. Kumbe wazee walijua. Chacha alijua. Nesi alijua. Mama yako alijua, na mimi nilijua. Aliyeamini ni wewe peke yako, Bhoke, kwa sababu ulikuwa na miaka mitano, na hukudhani baba yako anaweza kunyamaza.

Ni mimi,
tata yako Marwa, mpishi.